Gogo Moja, Kichwa Kimoja

"Una mba," Kinyozi alimwambia Dereva.

Hakumnong'oneza. Kinyozi hakuwa mtu wa kunong'ona. Alilitoa neno huku akiikung'uta shuka ya kunyolea mbele ya watu wanne waliokaa kwenye benchi wakingoja zamu, na unga mweupe ukapeperuka kutoka mabegani mwa Dereva kama mtu aliyeshinda mashineni akisaga mahindi.

"Mimi?" Dereva aligeuka. "Mimi nina mba?"

"Sasa nimwambie nani? Wewe ndiye uliyekaa kwenye kiti."

"Kichwa hiki nimekiosha asubuhi hii hii."

"Umekiosha kwa nini, kwa chokaa?"

Benchi zima likacheka. Dereva alikuwa mtu wa heshima zake. Aliendesha gari la ofisi ya kilimo, jeupe, lenye nembo mlangoni, na tangu akabidhiwe gari hilo alikuwa akitembea kama nembo imepigwa kifuani kwake. Alitoa kiberiti mfukoni, akamwaga njiti zote chini, akauzoa unga uliobaki kwenye mkunjo wa shuka na kuutia ndani ya kiberiti.

"Unaupeleka wapi huo?" Kinyozi aliuliza.

"Kupimwa. Ofisini kwetu kuna chombo cha kukuza vitu. Ikionekana ni mba, nitarudi nikulipe mara mbili. Isipokuwa mba, utaniomba radhi hapa hapa, mbele ya benchi hili hili."

"Haya, nenda. Mgonjwa usimwache njiani."

Dereva akaondoka na kiberiti chake, benchi likicheka mpaka alipokata kona.

Kinyozi hakuwa na chumba cha kazi. Alinyolea nje, mbele ya nyumba yake, chini ya mparachichi. Kioo kilining'inia kwenye msumari uliopigwa shinani, waya wa mashine ulitokea dirishani ukapita juu ya tawi, na wembe, brashi na chupa ya spiriti vilipangwa kwenye kigoda kilichobanwa kati ya mizizi miwili. Mti ndio uliokuwa paa lake na bango lake. Mtaani hawakusema "kwa Kinyozi", walisema "pale mparachichi". Bila mti angekuwa mtu tu mwenye kiti juani, na hakuna anayelipia kuchomwa kisogo na jua.

Mteja wa tatu siku hiyo alikuwa na upara. Alikuja kunyolewa ndevu. Kinyozi alipoikung'uta shuka, unga ukaruka vile vile.

Akautazama upara. Uling'aa kama sahani. Akautazama unga. Halafu, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, akainua uso na kuutazama mti.

Matawi mawili makubwa upande wa barabara yalikuwa na majani ya njano. Gome lake lilijaa vitundu vidogo kama vimetobolewa kwa ncha ya kalamu, na kwenye kila kitundu ulining'inia uzi wa unga, mweupe na mwembamba.

"Lo," alisema Kinyozi. "Kumbe mba ni wako wewe."

*

Alimtibu mti kama alivyojua kutibu. Alipanda juu ya benchi, akachovya pamba kwenye spiriti na kupaka kitundu kimoja kimoja, taratibu, kama anayepaka kisogo cha mteja mwenye vipele. Mke wake alikuwa dirishani kwenye cherehani yake, akimtazama.

"Mpulizie na poda," alisema.

"Wewe cheka tu."

"Sicheki. Naona mteja wako wa leo ana kichwa kikubwa, nikasema labda utahitaji msaada."

Spiriti haikufua dafu. Siku ya pili vitundu vilikuwa vimeongezeka, na siku ya tatu Kinyozi akaazima msumeno, akajifunga shati kiunoni na kuyakata yale matawi mawili mwenyewe. Alipata humo magogo kumi na manne, manene kama mapaja ya mtu mzima, akayapanga ukutani na kujisifu kwa kila aliyepita. Mti ukabaki umeegemea upande mmoja, kama mtu aliyenyolewa nusu, lakini kivuli kilitosha kiti na benchi. Akaona kazi imekwisha.

Hakumfikiria mama mkwe.

Mama mkwe alikuja kukaa wiki mbili, na sasa alikuwa ametimiza miezi minane. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwepesi wa miguu, na mtaa ulimwita Bibi Mikono Miwili kwa sababu hakuwahi kumpa mtu kitu kwa mkono mmoja. Naye alitoa kila siku. Alitoa chumvi, alitoa sabuni, alitoa mwavuli wa nyumba wakati mawingu yametanda. Alishatoa ndoo mbili na poda ya kunyolea. Hakuwa mpumbavu, alikuwa tu hawezi kuona kitu kimekaa bila kumfikiria mtu asiyekuwa nacho.

Na Kinyozi, huyu huyu aliyeweza kumtangazia dereva wa serikali mba hadharani, hakuweza kumwambia mama mkwe hata kwamba chai imepoa. Haya zilimbana koo. Wakiwa sebuleni watatu, alizungumza naye kwa kumpitia mke wake.

"Mwambie mama asante kwa kufagia uwanja."

"Mama, anasema asante."

"Mwambie si kitu."

"Anasema si kitu."

"Nimesikia," Kinyozi alisema.

"Basi kama umesikia, mbona mnanichosha?"

Asubuhi baada ya magogo kupangwa, Kinyozi alipotoka na kiti chake aliukuta ukuta mtupu. Mama mkwe alikuwa ameamka mapema. Alikuwa amewaona majirani wakihangaika na kuni, akaona magogo yamekaa bure, na kabla jua halijapanda alikuwa ameyapeleka nyumba saba, mawili mawili, kwa toroli aliloazima. Alirudi akiwa na furaha, vumbi la mti limejaa kwenye kanga.

Kinyozi aliutazama ukuta. Akameza mate.

"Mwambie mama," alimwambia mke wake, "asante kwa kusafisha."

*

Gari jeupe lilikuja Jumatatu. Dereva alishuka kwanza, polepole, kama bwana harusi. Nyuma yake akashuka mwanamke kijana mwenye buti za mpira na mfuko begani. Dereva hakumtambulisha. Alisimama mbele ya benchi, akakivua kofia kichwa chake, akakiinamisha na kukizungusha ili kila aliyekaa akione vizuri.

"Mba," alisema. "Nani ana mba?"

"Mti," alisema Kinyozi.

"Sikusikia."

"Nimesema ni mti. Wewe huna. Kichwa chako ni kisafi. Nisamehe."

"Wamesikia?" Dereva aliuliza benchi. Benchi likasema limesikia, ingawa mzee mmoja aliomba lirudiwe, na Kinyozi akalirudia, uso umemwiva.

Mwanamke wa buti hakuwa na muda na vichwa vya watu. Alikuwa mtaalamu wa wadudu wa mimea. Alishaupima ule unga wa kiberitini, akaona si unga wa kawaida, akaomba gari. Alibandua kipande cha gome kwa kisu, akachokoa, akaweka kitu kwenye kiganja cha Kinyozi. Kilikuwa kidogo kama punje ya ufuta, cheusi, chenye miguu.

"Huyu ndiye anayetoboa," alisema. "Si wa kwetu. Ameingia kutoka ng'ambo, ndani ya mbao za masanduku ya mizigo. Na wala chakula chake si mti."

"Sasa anatoboa kwa ubaya tu?"

"Analima. Anatoboa njia, anapanda kuvu humo ndani, anavuna, analisha watoto. Hiyo kuvu ndiyo inayoziba maji ya mti mpaka unakauka umesimama."

Kinyozi akamtazama mdudu kwa jicho jipya. "Yaani ana shamba ndani ya mti wangu? Bila hata kubisha hodi?"

"Ana mashamba mengi. Lakini una bahati." Mtaalamu aliuzunguka mti, akiugonga kwa mpini wa kisu. "Shina lina matundu matano tu. Naweza kulitibu. Wengi walikuwa kwenye matawi yaliyokatwa. Nani alikukatia?"

"Nilikata mwenyewe," Kinyozi alisema, kifua mbele. "Magogo kumi na manne, kwa mkono huu."

"Yako wapi?"

Hapo benchi likainamisha macho. Wawili kati ya waliokaa walikuwa na magogo hayo majumbani mwao.

Mtaalamu aliposikia kuwa yamegawiwa, alikaa chini, kwenye kile kiti cha kunyolea. "Huyu mdudu kuruka anaruka kidogo sana," alisema. "Mwenyewe angechukua miaka kuumaliza mtaa huu. Ila ukimpakia kwenye gogo ukampeleka mpaka mlangoni kwa mtu mwenye mparachichi, umemhamisha na mizigo yake. Mtaa una miparachichi mingapi?"

"Kama ishirini."

"Sikiliza, baba. Nakuja Ijumaa saa nne asubuhi. Magogo yote kumi na manne niyaone hapa, yamefunikwa plastiki angavu juani, joto liwaue humo humo. Lililoungua nionyeshe mabaki yake. Nikiyapata yote, natibu shina, nauacha mti, nitakuwa napita kuukagua. Likikosekana moja, sijui liko wapi, lazima niandike kuwa mdudu ameenea. Nikishaandika hivyo si hiari yangu tena. Inakatwa yote ishirini, tukianza na huu."

Kinyozi aliutazama mti. Kioo chake kilikuwa kimening'inia pale, kikimwonyesha uso wake mwenyewe, na hakukipenda alichokiona.

*

"Kamwambie mama yako," alimwambia mke wake.

Mke hakuinua macho kwenye cherehani. "Nimwambie nini? Mama, zawadi uliyotoa ina wadudu, kaichukue?"

"Eeh. Hivyo hivyo."

"Kamwambie wewe. Si wewe ndiye msema kweli wa mtaa?"

"Huyo ni mama yako."

"Na huo ni mti wako. Na vichwa vyako. Mimi nashona sketi."

Kinyozi akaona ni afadhali azunguke mwenyewe, kimya kimya, kabla mama mkwe hajarudi kutoka huko alikokwenda kutoa alichokwenda kutoa. Alianza kwa Fundi Redio. Fundi alikuwa amekalia gogo lake karakanani, na tayari alishalipigilia mto wa sponji juu.

"Gogo hili amenipa Bibi," alisema Fundi.

"Najua. Nalitaka."

"Bibi amekutuma?"

"Hapana. Lina wadudu."

"Nimelikalia siku tano, sijaumwa popote."

Kwa Mama Chai, aliyekuwa akichochea moto chini ya birika kubwa, ikawa mbaya zaidi. "Yaani Kinyozi," alisema, mikono kiunoni, "mama wa watu ametoa kuni mbili tu, unamfuata nyuma kuzihesabu? Utamnyima na maji ya kunawa?"

"Nasema kuna mdudu, anaitwa..." Hakukumbuka anaitwaje. "Ni mkulima."

"Mdudu mkulima."

"Ndiyo."

"Nenda nyumbani, Kinyozi. Jua kali."

Alizunguka nyumba zote saba. Kwa Mama Vyumba, mwenye nyumba za kupanga na miparachichi mitatu uani, hakufunguliwa hata lango; alizungumza na kitasa. Alirudi mikono mitupu, na habari ilikuwa imemtangulia. Kinyozi amechoka na mama mkwe. Kinyozi ananyang'anya watu kuni. Kesho atamtoa Bibi mwenyewe.

Alipoingia sebuleni alimkuta mama mkwe anafunga begi. Hata kufunga hakuweza kufunga vizuri, kila nguo ya tatu alimpa binti yake, "hii ikufae wewe."

Kinyozi alisimama mlangoni. "Mwambie mama asiondoke."

"Mama, anasema usiondoke."

"Mwambie sikai kwenye nyumba ninayohesabiwa kuni."

"Anasema..."

"Nimesikia," alisema Kinyozi.

Akatoka. Mke akadhani amekimbia, kama kawaida yake mbele ya mama. Lakini alikuwa amekwenda kwenye mfereji, ambako kipande kimoja cha ncha ya tawi, kifupi kama kiganja, kilikuwa kimeangukia siku ya kukata. Akakipasua kwa panga, akarudi nacho, akaingia mpaka katikati ya chumba.

"Mama," alisema.

Cherehani ikasimama.

"Mama, tazama hapa."

Mama mkwe akamtazama yeye kwanza, kwa mshangao, kama kiti kimezungumza. Kisha akavaa miwani na kuinamia kile kipande. Ndani ya ubao mweupe kulikuwa na njia nyeusi nyembamba, zimejipinda, na kwenye moja wadudu wawili walikuwa wakitembea na shughuli zao.

Kinyozi akamweleza. Alieleza vibaya, akirudi nyuma na mbele, lakini alieleza yote: shamba, kuvu, Ijumaa, miti ishirini.

"Na mimi nimewagawa hawa," alisema mama mkwe.

"Hukujua, mama. Mimi nilijua mti unaumwa, nikayaona magogo hayapo nikasema asante. Kosa ni langu."

"Nimewagawa nyumba saba." Alivua miwani. "Wengine walikataa nikawalazimisha."

Alikaa juu ya begi.

"Mkwe wangu," alisema hatimaye, "mimi tangu nizaliwe sijachukua tena kitu nilichotoa. Mdomo wangu haujui hata unaanzaje." Akainuka. "Ila kubadilishana najua."

Akatoka mpaka barabarani, akasimama katikati, na Kinyozi akamsikia akiita kwa sauti ya kusikika hadi kona: "Jamani! Gogo moja, kichwa kimoja! Rudisha gogo, unyolewe bure! Mkwe wangu ndiye amesema!"

Kinyozi akamgeukia mke wake. "Nimesema saa ngapi?"

"Mwambie asante," alisema mke, akaiwasha tena cherehani.

*

Jumatano na Alhamisi Kinyozi alinyoa mpaka kidole gumba kikafa ganzi. Watu walikuja na magogo begani, kichwani, kwenye baiskeli. Fundi Redio alileta lake likiwa na mto juu na kuomba mto arudishiwe. Watu walikuja pia na vitu ambavyo havikuwahi kuwa mparachichi, kwani habari za kunyolewa bure husambaa kuliko mdudu yeyote.

Hapo mama mkwe akaonyesha kazi. Alikaa kwenye benchi la mbele na kupokea kila gogo kama afisa wa mpakani.

"Hili si letu."

"Bibi, ni gogo."

"Ni mguu wa kitanda. Nenda, kitanda kitaanguka. Na wewe, lete nione. Hili lina kifundo kama pua, nililipeleka nyumba ya bluu. Wewe unakaa nyumba ya bluu?"

"Nimetumwa."

"Na aliyekutuma ana nywele? Basi aje yeye."

Aliyakumbuka yote, kila gogo na mlango wake. Mama Chai alikuja na gogo moja zima na jingine lililoungua nusu, akimvuta mume wake kwa mkono.

"Hili ni nusu gogo," alisema Kinyozi, aliyekuwa bado hajasahau ile mikono kiunoni. "Nitamnyoa nusu."

"Mnyoe chote," alisema mama mkwe. "Nusu nyingine moto umeshainyoa."

Mke naye akaacha sketi za watu. Plastiki angavu waliyopata ilikuwa vipande viwili, akaviunganisha kwa cherehani, akilaani maana plastiki iliteleza na sindano mbili zikavunjika. Magogo yakapangwa mahali penye jua kali, plastiki ikafungwa chini kwa mawe, na ndani yake joto likapanda mpaka matone yakajaa kama kwenye kifuniko cha sufuria.

Alhamisi jioni yalikuwa kumi na matatu.

"La kumi na nne liko kwa Mama Vyumba," alisema mama mkwe. "Moja amerudisha mpangaji wake mwenye ndevu. Jingine analo mwenyewe."

"Aje anyolewe."

"Kichwa cha kusukwa, mkwe wangu. Na hana mume, hana mtoto wa kiume. Tutamnyoa nini?"

*

Ijumaa saa mbili asubuhi walikwenda wawili, mama mkwe mbele, Kinyozi nyuma hatua tatu. Safari hii lango lilifunguliwa, kwa kuwa mama mkwe ndiye aliyebisha. Gogo lilikuwa uani, limewekwa chini ya pipa la maji, miparachichi mitatu ya Mama Vyumba ikilitazama kutoka juu, mizima, imesheheni matunda.

"Nakusikiliza, Bibi," alisema Mama Vyumba. Hakuwapa viti.

"Nimekuja kuhusu gogo," alisema mama mkwe. "Nikupe nini badala yake? Nina kanga mpya, haijafuliwa hata mara moja."

"Sitaki kanga."

"Binti yangu akushonee gauni."

"Ninayo magauni."

"Basi nitakuletea kuni nyingine, nzuri, kavu, mzigo mzima..."

"Sitaki kupewa!" Mama Vyumba alipaza sauti, kuku wakatawanyika. "Hunisikii? Sitaki!"

Kinyozi akashindwa kujizuia. "Mama, ukilikatalia hilo gogo miti yako hii mitatu inakatwa. Na wangu. Saa nne anafika yule dada, na hizi ni..."

"Wewe usinitishe kwenye uwanja wangu."

"Nyamaza, mkwe wangu," alisema mama mkwe.

Akanyamaza. Aliutazama mti ulio karibu naye, shina zima lisilo na tundu hata moja, akawaza kioo chake kitatundikwa wapi wiki ijayo.

Mama Vyumba alikuwa amegeuza uso. "Miezi minane," alisema, sauti imeshuka. "Miezi minane unagonga lango hili. Chukua chumvi, mama. Chukua sabuni. Chukua gogo. Nina vyumba vinane mimi, nina wapangaji, sina njaa. Siku niliyokuletea maparachichi, kikapu kizima, ulifanyaje?"

Mama mkwe akaikaza kanga kiunoni.

"Uliyapokea hapo mlangoni kwako, ukayagawa hapo hapo, nikiwa bado nimesimama. Hata moja hukuliweka. Ukanifanya kama mchukuzi wako."

Kinyozi aliikumbuka siku hiyo. Yeye mwenyewe alipata mawili.

Mama mkwe alisimama katikati ya uwanja, mikono imelegea ubavuni. Kinyozi alimwona akifungua mdomo na kuufunga, na akaielewa ile hali, kwa sababu koo lake mwenyewe lilimfanyia vivyo hivyo kwa miezi minane.

"Naomba," alisema mama mkwe.

Mama Vyumba akageuka.

"Naomba gogo," alisema tena, na lilimtoka kwa shida kama mtu anayetema jino. "Sina cha kukupa. Nimekosea, nimeleta ugonjwa mlangoni kwako, na sasa nina shida. Nisaidie."

Pipa lilidondosha maji, tone moja moja.

"Hilo tu ndilo nililotaka," alisema Mama Vyumba, akajipangusa puani kwa upande wa kiganja. Kisha akaita wapangaji kwa sauti ya mwenye nyumba: waamke, waje walishushe pipa, na wasimwage maji miguuni mwa mgeni wake. Akaleta na viti. Mama mkwe akasema wana haraka, Mama Vyumba akasema atakaa, naye akakaa, akapewa kikombe cha chai, akakinywa chote mwenyewe mpaka chini. Kinyozi alihesabu dakika akisaga meno.

Gogo lilikuwa limelowana na zito. Wapangaji walitaka kulibeba. Mama mkwe akakataa, akashika ncha moja, akamwonyesha mkwe wake ncha nyingine kwa kidevu. Wakatoka nalo barabarani, yeye mbele na Kinyozi nyuma, mtaa mzima milangoni ukiwatazama.

"Mama, kama limekuelemea sema."

"Wewe ndiye unayehema. Nyanyua."

"Nimenyanyua."

"Hujanyanyua. Umeshika tu."

Gari jeupe lilikuwa limeshafika. Mtaalamu alikuwa ameinama kwenye plastiki akihesabu, Dereva pembeni amekaa kwenye kiti cha kunyolea bila kualikwa. Kinyozi aliiona kalamu mkononi mwa mtaalamu na miguu ikataka kukimbia, lakini ncha ya mbele ilikwenda mwendo wake ule ule.

"Kumi na matatu," alisema mtaalamu bila kuinua kichwa.

"Na hili," alisema mama mkwe.

Mtaalamu akalipokea, akaligeuza, akachokoa gome kwa kisu, akatikisa kichwa kukubali. Alichukua muda wake. Akaandika. Akaenda kwenye shina, akalifunga utepe mwekundu, akatoa chupa na bomba la sindano kwenye mfuko, na kuanza kutia dawa kwenye vile vitundu vitano.

"Mti unabaki," alisema. "Ila tawi lolote likikauka, naitwa mimi. Gogo halitoki hapa."

Kinyozi akakaa chini, palepale mavumbini, mgongo kwenye shina. Mke alitoka na kuifunua plastiki upande mmoja, na mama mkwe akapiga magoti kulisukuma gogo la mwisho ndani. Alipoutoa mkono, doa jeusi lilikuwa linatembea kwenye kifundo cha mkono wake, dogo kama punje ya ufuta, likipanda kuelekea kiwikoni.

Wote waliliona. Dereva aliinuka kitini. Mama mkwe akauleta mkono karibu na macho, akamtazama mdudu akijipitia zake, kisha akashusha kidole gumba na kubonyeza.

"Huyu," alisema, "simpi mtu."